Baba Yako Yupi?

Diploma yangu nimeisomea ng'ambo kwa jasho langu mwenyewe, na leo hakuna cheti kinachotoka ofisini kwetu bila sahihi yangu. Lakini nikifungua wino wa muhuri, harufu yake hunirudisha kwenye baraza la boma, nikiwa nimeshikwa mkono na baba.

Baba aliletwa na Wajerumani kutoka Sudani, akawa askari wao. Walipoondoka, Mwingereza akataka kila Mwafrika aandikwe chini ya mangi wake, yaani chifu wa kabila lake.

"Mangi wako nani?" karani aliuliza.

"Sina. Niliapa kwa Kaisari."

"Kaisari wako alishakimbia, mzee. Mfuate!"

Foleni nzima ikacheka. Karani akamwandika baba mgeni, wa kurudishwa kwao pamoja na mwanawe.

Hapo mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, akasogea. Alikuwa mkulima wa kahawa huko Akheri.

"Mtoto ni wangu huyu. Mwandike Mmeru."

Kwa Wameru mtoto hufuata ukoo wa baba, kwa hiyo karani akanigeukia.

"We binti, baba yako yupi?"

Baba akauachia mkono wangu. Nikamnyooshea mjomba kidole. Baba akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyepewa jibu sahihi.