Mlinzi wa Lami ya Motsemoshwa

Baba mkwe wangu, Rra Gaothobogwe (rra kwetu ni bwana), alimwaga lami katika barabara nyingi za Botswana, na ya mwisho ilikuwa hii ya kwetu Motsemoshwa. Alistaafu nayo, akaipenda kama mtoto wa uzeeni. Ilipokamilika, kgosi, chifu wetu, alitangaza barazani kwamba mikokoteni ya punda, ng'ombe na matrekta vipite mchangani, lami iachiwe ambulensi na magari ya misiba. Aliyeisimamia amri hiyo alikuwa Baba, na fimbo mkononi.

"We Thebe! Toa punda wako hapo!"

"Kwani rra, barabara ni ya kupita au ya kutazama?"

"Ya kutunza, kichwa maji wewe!"

Nyumbani nasi tulimtunza Baba vivyo hivyo. Mume wangu alimnyang'anya shoka, mimi nikamnyang'anya ndoo. Akiinuka tu, tunamrudisha kitini. Tuliona ndiyo heshima. Ikafika mahali hainuki bila kushika ukuta.

Kisha barabara ikapauka. Weusi ukageuka kijivu, nyufa zikatokea, kokoto zikaanza kung'oka. Akaja mhandisi mwanamke, Mma Pheko, kuipima: kama lami imekauka mpaka chini, itakwanguliwa, turudi kwenye changarawe. Niliposikia hivyo nilishika tumbo. Nilikuwa na mimba ya pili, na uzazi wa kwanza ulinimwagisha damu hata wakanikatia tamaa. Kama ambulensi isingeteleza juu ya lami ile hadi hospitali, mimi na Lorato, mwanangu wa kwanza, tungezikwa pamoja.

Mma Pheko alikata vipande viwili, sote tukimzunguka. Cha pembeni kilivunjika vidoleni mwake kama biskuti. Cha pale yanapopita magurudumu ya ambulensi kilipinda kidogo, na ndani kilikuwa bado cheusi.

"Jua na hewa vinaikausha, rra, inakakamaa," alisema. "Magurudumu yanaikanda, yanaziba nyufa zikiwa bado changa. Hii haikuchoshwa na kazi. Imezeeka kwa kukaa bure."

Baba alikigeuzageuza kile kipande. "Kumbe niliyekuwa naiua ni mimi na fimbo yangu," alisema.

"Haijafa. Tutainyunyizia lami nyepesi irudishe uhai. Lakini ipitiwe!"

Kesho yake Baba alisimama barazani, kofia mkononi. "Jamani, nilikosea. Pitisheni punda, ng'ombe, kila chenye miguu. Nawaomba."

"Na fimbo je, rra?" Thebe aliuliza.

"Nakupa wewe, uchunge hao punda wako wavivu!"

Hata kgosi alicheka mpaka akafuta machozi.

Lami ilinyunyiziwa, na mkokoteni wa Thebe ndio uliotangulia kupita. Mvua zilipoanza, uchungu ulinishika, damu ikaanza tena, na ambulensi ikanifikisha hospitali nikiwa na fahamu zangu. Namshukuru Mungu, namshukuru Mma Pheko, nawashukuru hata wale punda.

Siku zangu za uzazi, za kufungiwa ndani na mtoto kwa desturi yetu, zilipokwisha, nilimkuta Baba kwenye kiti kile kile. Nilikwenda nyuma ya mlango, nikatoa shoka, nikamshikisha.

"Baba, kuni zimeisha."

Mume wangu alinikodolea macho. Baba alilitazama shoka, akanitazama mimi.

"Asante, mwanangu," alisema. Akashika ukuta, akainuka, akatoka.