Dagaa wa Duka la Wakorea

Kila nikiingia duka la Wakorea kununua dagaa, harufu yao ya chumvi hunirudisha Sharpstown, mtaa wetu wa ughaibuni, kwenye zulia la bibi yangu. Alisema hao ndio pekee waliofanana na wa Unguja. Pamoja na dagaa, alikuwa akikodi dukani humo mikanda ya video, daima ya mwigizaji mmoja wa Kikorea. Yeye akichambua dagaa kwenye sinia, mimi nilimsomea kwa Kiswahili maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha.

Tulimwona akiwa daktari, mfalme, askari. Alipouawa vitani, Bibi alimsomea Fatiha. Juma lililofuata akatokea anauza samaki.

"Huyu si tulishamzika?"

"Bibi, ni mchezo tu." Tangu utotoni nilipenda kubisha.

"Basi Fatiha yangu imemfaa."

Kisha babu akafariki Unguja, akazikwa bila Bibi kuwepo. Siku chache baadaye Bibi aliwasha video. Safari hii mwigizaji alikuwa mzee mgonjwa. Alimshika mkewe mkono, akanong'ona. Maandishi yalisema, "Usinisubiri."

"Mke mwenzangu, kasemaje?" Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu wa kike. Mume wetu alikuwa babu.

"Kasema atarudi."

Kwenye runinga, mke akamfumba mzee macho. Bibi akanitazama.

"Mwongo we! Anayerudi hafumbwi macho."

Nikainamisha kichwa. Akanivuta mapajani, vidole vyake vikinuka dagaa.

"Haya, sema tena kuwa atarudi."