Kitabu cha Mapenzi Kilicholetewa Matanga

Nilisoma mpaka darasa la nne, na sijaona la tano lingeniongeza nini. Nimechimba mawe Mwakirunge, nikajenga nyumba hapa Changamwe, na uzeeni nikafungua kampuni ya vitabu. Mwandishi mimi, mhariri mimi, mbeba mzigo mimi. Hadithi zangu ni za mapenzi, za kuchekesha. Mambo mazito nimewaachia wasomi, maana kucheka hawajafundishwa.

Aliyekataa kunisoma ni mke wangu. Vitabu vitatu nimetoa, yeye anafunikia mitungi. "Mwanamume aliyetuma shangazi kuniposa," alisema, "atawafundisha watu mapenzi gani?"

Lilinichoma. Cha nne nikakiandika juu ya posa hiyo hiyo, jaladani nikataka picha yetu ya harusi. Nikasema, hiki atasoma apende asipende.

Mpiga chapa wangu ni fundi hodari, muumini mwenzetu. Kazi yake kubwa ni programu za mazishi, na mkono ukishazoea umezoea. Picha yetu aliizungushia maua meupe, akasimamisha mishumaa miwili, na chini, kwa hisani yake, "Safari ya Maisha Yao". Mimi, kwa ujuzi wangu wa biashara, sikutaka kukagua. Nilimwambia agawe nakala chache kanisani Jumapili, watu waonje. Siku hiyo sisi hatukwenda. Mke wangu alikuwa na mafua.

Jumatatu asubuhi akina mama wa jumuiya waliingia uani wamejifunga leso viunoni, wana unga na sukari, wanalia. Wakamkuta marehemu wa kike anafua nguo.

Kiongozi wao hakuona haya. Alimuuliza mwili wangu umehifadhiwa wapi.

"Uko ndani," mke wangu akajibu, "unamenya chungwa."

Kisha akamnyang'anya kiongozi kitabu alichokuja nacho, ajue amekufa kwa ugonjwa gani. Akaketi juu ya ndoo, akasoma kwa sauti, wenzake wamemzunguka. Mimi nyuma ya mlango, chungwa mkononi, nasikiliza. Alifika pale nilipoandika kuwa baba yake alinikubali, nami machozi ya mapenzi yakanitoka. Pale sikuandika mzaha hata kidogo. Ndipo alipocheka mpaka akashika ubavu.

"Mwongo huyu. Alilizwa na pilipili. Mchuzi nilimpakulia mimi mwenyewe."

Akafungua ukurasa uliofuata. Unga wa matanga wakausonga wenyewe, yeye wakamkataza kuinuka, aendelee kusoma.