Kona ya Shimo la Udongo

Shimo lile lilichimbwa na wafyatua matofali, juu kidogo ya mtaa wa Kadutu, kisha wakaliacha. Mvua ikalijaza maji mekundu, na hakuna kati yetu aliyejua kina chake. Kando yake ndipo kaporali alipotuchorea njia ya kuzunguka tukijifunza pikipiki.

Mimi nilikuwa muuguzi. Katika miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji nilipewa pikipiki ya kupeleka dawa kwenye zahanati za njia ya Walungu, nami sikuwa nimewahi kuendesha kitu chochote chenye injini. Jirani yangu, ambaye ndiye aliyekuwa rafiki yangu mkubwa, alipeleka telegramu za posta, naye alipewa ya kwake. Kaporali alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyebeba barua za jeshi kwa pikipiki wakati wa vita. Bega lake moja lilikuwa limeshuka kuliko lingine. Jumapili baada ya misa alitukusanya, sisi wenye pikipiki za kazi, atufundishe.

"Mukianguka mu barabara, lori itawapita juu," alituambia. "Mukuje muanguke hapa."

Nami nilianguka. Nilikuwa nateremka kuelekea kona ya shimo, udongo bado una unyevu, mara nikayaona yale maji mekundu. Nikabana breki ya mbele katikati ya kona, na gurudumu likanitoka kama sabuni mkononi. Niliburuzika kwa paja hadi ukingoni. Pikipiki ilinifuata ikinguruma, ikasimama gurudumu moja likining'inia juu ya maji.

Kaporali alikuja kwa miguu, bila haraka.

"Ulikuwa unaangalia wapi?"

"Kwa shimo, papa," nilimjibu, kama mtoto kwa baba.

"Njo maana ulienda kwa shimo. Pikipiki inafuata macho. Na breki, unaimaliza mbele ya kuingia kona, hapana ndani yake. Haya, inua."

Niliinua, nikazunguka tena. Nilianguka Jumapili nyingine, na nyingine. Kila mara kaporali alikataa kunipa mkono mpaka nimwambie mwenyewe nilikosea wapi: niliongeza mwendo mapema, niliketi vibaya, niliogopa. Nilirudi nyumbani na suruali zilizochanika, lakini mwili ulianza kujua mambo ambayo kichwa kilikuwa hakijayajua.

Rafiki yangu hakuanguka hata mara moja. Alipita kona ile amelala upande, shati limejaa upepo, anacheka. Wenzetu walipiga makofi. Kaporali hakupiga. Siku moja nilimwona akigeuza uso ili asitazame.

"Huyu ananiogopesha," aliniambia kwa sauti ya chini. "Wewe unajua sasa mwendo gani iko mingi sana. Yeye bado."

Jioni ile mke wa rafiki yangu aliniita nilipopita uani kwao, akianua nguo.

"Tonton," alisema, kwa kuwa aliniita mjomba, "na yeye anaanguka kule kama wewe?"

"Hapana, maman. Hata kidogo."

"Sasa mbona hauna furaha ukisema vile?"

Nilimsaidia kukunja shuka, kisha nikaenda zangu.

Jumapili iliyofuata, ziwa tuliloliona chini yetu lilikuwa jeusi tangu asubuhi, dalili ya mvua. Milima ya Kabare ilikuwa imefichwa na wingu, na upepo ulikatika ghafla. Kaporali alitazama juu, akasema kila mtu azunguke mara moja, polepole, halafu twende nyumbani. Kabla hajamaliza, rafiki yangu alikuwa ameshaondoka.

"Mufuate!" kaporali alinipigia kelele. "Umwambie arudi!"

Nilimfuata. Matone ya kwanza, makubwa, yalianza kupiga udongo. Nilikuwa nyuma yake alipoingia konani, na niliona gurudumu lake la nyuma likianza kuteleza, kidogo tu. Mtu aliyekwisha kuanguka angeliacha lijinyooshe. Yeye hakuwahi kulihisi jambo lile. Alibana breki. Pikipiki ikamrusha, wakaenda wote wawili shimoni. Nikasikia maji, kisha injini ikazimika ndani yake.

Nami nilikuwa nafika palepale. Kila kitu ndani yangu kilitaka kutazama. Niligeuza shingo kwa nguvu, nikakaza macho kwenye kisiki kilichokuwa ng'ambo ya kona, nikapita. Niliposimama ndipo nikageuka nikakimbia, nikajitupa shimoni. Maji yalinifika kifuani. Pikipiki ilikuwa imemlalia mguu, naye kichwa kiko chini ya maji. Nilimwinua kichwa, nikapiga kelele hadi kaporali na wenzetu walipoteremka wakaiondoa ile pikipiki.

Mfupa ulikuwa umetoka chini ya goti. Niliufunga mguu kwa mbao zilizoachwa na wafyatua matofali, huku yeye akirudia, "Sikufanya kitu. Sikufanya kitu." Lori la ndizi lilitupeleka hospitali, likapitia nyumbani kwake kwanza. Mke wake hakuuliza neno. Alifunga kitambaa kichwani, akapanda nyuma pamoja nasi.

Homa ilipompungua nilienda kumwona. Aliniuliza akiutazama ukuta.

"Ile siku, wewe ulipita namna gani?"

"Sikuangalia shimo."

"Hata mimi haukuniangalia?"

"Hata wewe."

Nilidhani amekasirika. Kisha akaushika mkono wangu, akaubana, na hakuuachia mpaka mke wake alipoingia na chakula.

Mguu ulipona, lakini ulibaki mfupi. Posta walimpa kazi ya ndani, ya kupanga barua, na hakupanda tena pikipiki. Kaporali aliihamisha njia yetu mbali na shimo, na tangu siku ile alisema maneno machache zaidi. Mimi niliendelea kupeleka dawa Walungu. Ziwa likiwa jeusi, mara nyingine nilishuka penye kona nikaisukuma pikipiki kwa mkono hadi niipite, watu wa njiani wakinicheka.