Hewa ya Ndani ya Basi

Mwaka ule nilikuwa nimeapa kwamba binti yetu hatapata hata mafua. Alikuwa na miaka minne. Majira ya baridi yaliyotangulia alilazwa kwa nimonia, nami nilikaa kando ya kitanda chake nikitazama mbavu zake zikididimia kila alipovuta pumzi. Daktari aliyemruhusu kutoka alituambia bila kuzunguka kwamba mapafu yake bado hayajapata nguvu, tumkinge. Kwa hiyo mume wangu aliporudi kutoka kazini bandarini na habari kwamba binamu yake anaolewa Johannesburg mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa, sikuiona harusi. Niliona basi lililojaa watu, madirisha yamefungwa, wote wakipumua.

Kukataa hakukuwezekana. Bibi harusi alikuwa binti wa shangazi yake mume wangu, na shangazi huyo ndiye aliyemlea mume wangu, tena ndiye aliyetupokea Durban tulipotoka Burundi. Alitupatia godoro lake pale mtaani Cato Manor, yeye akalala kwenye mkeka hadi tulipopata fleti yetu Greyville. Yeye alibaki kule kule, katika chumba chenye dirisha dogo alilokuwa ameliziba kwa nailoni ili vumbi lisiingie kwenye nguo za mitumba alizouza mjini. Kila Jumamosi nilikwenda kumsuka na kupika naye. Mwaka ule alikuwa amekonda. Nilipomuuliza, alisema ni mawazo ya harusi.

Durban baridi yake ni ya upole, watu huoga baharini hata mwezi wa saba. Johannesburg ni habari nyingine. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Nilichemsha tangawizi nikaijaza kwenye chupa ya chai, nikamtengea mtoto kikombe chake ambacho hakuna mwingine angekigusa, nikafunga sabuni, kofia ya sufu, skafu mbili. Nilimsumbua mume wangu hadi akatupatia viti vya mbele. Alinicheka, lakini alivitafuta.

Tuliondoka asubuhi. Hatujatoka vizuri mjini, mwanamume mmoja aliyekaa nyuma yangu akaanza kukohoa, kikohozi kizito chenye makohozi, bila kuziba mdomo. Nilimgeukia nikamkazia macho. Shangazi, aliyekuwa upande wa pili wa njia, akaona wasiwasi wangu.

"Mlete kwangu," alisema. "Mimi niko na joto."

Nilimpa mtoto kwa moyo mweupe. Alimpakata, akamzungushia kitenge chake hadi kichwani, na mtoto akalala kifuani pake. Nilimshukuru Mungu kwamba tulikuwa naye.

Tulipoanza kupanda milima jua lilipotea. Ukungu ulikaa barabarani, kisha dereva akasimamisha basi nyuma ya msururu wa malori. Alitangaza kwamba theluji imeanguka mbele na polisi wamefunga njia. Wanaume wengine, mume wangu akiwa mmoja wao, walishuka kutazama. Sisi tulibaki ndani, mashine ya joto ikinguruma, vioo vikitoka jasho. Yule mtu wa nyuma aliendelea kukohoa, nami nikaendelea kumhesabia makosa. Katikati ya vikohozi vyake palikuwa na kingine, kidogo, kilichokatwa kila mara kabla hakijaisha, kama cha mtu anayejibana kanisani. Sikukijali.

Mtoto alipoamka niliinuka nimpe tangawizi. Mkono wangu uligusa mkono wa shangazi, ukawa kama nimegusa sufuria iliyo motoni. Uso wake ulikuwa umelowa. Katika ngumi yake alishika leso, na ukingo wa leso ulikuwa mwekundu.

"Shangazi, hii ni nini?"

"Punguza sauti."

Nilichuchumaa karibu naye. Aliniambia polepole, akigeuzia mdomo wake kwenye kioo, kwamba tangu Pasaka amejua ni kifua kikuu. Kliniki walimpa vidonge. Vilimtapisha, akashindwa kusimama mjini na nguo zake, akaviacha.

"Usimwambie mume wako," alisema. "Acha nimwone mtoto wangu akiolewa, mama. Baadaye iko muda wa hospitali."

Nilimchukua binti yangu. Shangazi hakumzuia, alifungua kitenge mwenyewe. Mtoto alilia akimtaka yeye, akimnyooshea mikono, na shangazi akatazama mbele. Damu ile nimekwisha kuisahau rangi yake. Viganja vyake vilivyobaki wazi juu ya magoti sijavisahau.

Halafu nikatazama kioo. Nje kulikuwa na theluji, na upepo ambao ungeweza kumrudisha mtoto kwenye kile kitanda cha hospitali. Ndani kulikuwa na hewa ile tuliyokuwa tumeivuta tangu asubuhi. Nilisimama pale nimempakata, nisijue nimkinge na lipi. Mwishowe nilisukuma kioo kidogo cha juu, kikafunguka, baridi ikaingia.

Watu walilalamika. Mama mmoja aliniambia kwa Kizulu kwamba nitamuua mwanangu kwa baridi, akainuka akifunge. Sikuweza kusema sababu bila kumwaibisha shangazi mbele ya basi zima, kwa hiyo niliweka mkono wangu kwenye kioo kisifungwe. Aliyenisaidia ni yule mkohozi wa nyuma. Alivua koti lake, akamfunika mtoto, akasema hata yeye anahitaji hewa. Ni mafua tu, aliniambia, ameyapata kwa watoto wake.

Mume wangu aliporudi alikuta basi limekuwa baridi na mimi natetemeka. Nilimwambia. Alikwenda akaketi karibu na shangazi yake, mahali pale pale, akaushika mkono wake. Nilitaka kumvuta atoke. Sikupata maneno ya kumwambia mtu aondoke kwa mama aliyemlea.

Njia ilipofunguliwa tulivuka mlima, na Johannesburg hatukwenda nyumbani kwa wenyeji bali hospitali. Shangazi alibaki huko. Siku ya harusi bibi harusi alipitishwa hapo kwanza, akiwa na shela, akasimama kwenye nyasi kavu za uwanjani. Shangazi alitolewa barazani amezibwa mdomo na pua. Walitazamana kwa mbali. Akina mama tuliokuwepo tulipiga vigelegele, lakini vilitoka vibaya, vikafanana na mayowe ya msibani, tukanyamaza mmoja mmoja.

Tuliporudi Durban tulikwenda kliniki kupimwa sote. Mume wangu hakuwa na kitu. Mtoto hakuwa na kitu, akapewa dawa ya kumkinga. Mimi niliitwa tena. Nesi alifungua dirisha kabla ya kuketi, na hapo nikajua. Nilikuwa na kikohozi cha asubuhi ambacho kwa wiki nyingi nilidhani kimetokana na vumbi la vitambaa, maana nilikuwa nashona sare za shule. Zile Jumamosi katika chumba kilichozibwa nailoni hazikuwahi kunipitia akilini.

"Mtoto analala na nani?" nesi aliniuliza.

"Na mimi," nikajibu.

Shangazi alirudi mvua za kwanza zilipoanza, bado anameza dawa zake. Kila asubuhi alipanda teksi kutoka Cato Manor kuja kwetu kabla ya kwenda mjini, anisimamie nikimeza zangu. Nilipotapika alinishikia beseni, akaninywesha uji, akasema tujaribu tena. Hakunionea huruma, na nilimpenda kwa hilo. Yeye alipona, nami nikapona.

Lakini miezi ile yote mtoto alilala chumba kingine na baba yake, nami nilimsikiliza kupitia ukutani. Asubuhi moja nikiwa na kidonge mkononi tulimsikia akikohoa jikoni, mara moja, kisha tena. Shangazi akaweka kikombe chini.

"Chai imempalia," alisema.

Hakuna kati yetu aliyeinuka. Tulikaa tukisubiri kama kikohozi kitarudi.