Wakili Kilomita na Nyonga ya Fundi

Ofisini walimwita Kilomita, na jina likamganda. Mwenyewe hakulikataa, maana hakuwa na la kujitetea. Kila mwaka aliingia mashindano mawili au matatu ya wale watu waliochoshwa na raha: unaogelea mpaka vidole vinakunjamana, unatoka majini unadandia baiskeli hujajifuta hata masikio, unashuka kwenye baiskeli unaanza kukimbia, na ukifika mwisho jua limeshapinduka, unavishwa medali ya bati na kupewa ndizi moja. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mume mwalimu wa hesabu, watoto wawili, na baiskeli iliyokaa sebuleni mahali ambapo watu wengine huweka kochi. Mumewe aliwaonya wageni wasiiegemee. "Huyo ni mume mwenzangu," aliwaambia, "na ananuna upesi."

Kazi yake ilikuwa uwakili, na wateja wake karibu wote walikuwa wanamichezo walioumia. Hakupanga iwe hivyo. Alianza na kesi za mipaka ya viwanja kama mawakili wengi, mpaka mwendesha baiskeli mmoja aliyekuwa akifanya naye mazoezi alipogongwa na gari la mizigo, akamwomba amsimamie. Akashinda. Habari zikasambaa viwanjani haraka kuliko tangazo lolote, na baada ya miaka michache ngazi za ofisi yake zikawa zinapandwa na watu wa magongo na bandeji. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili na lifti hakuna. Karani wake, mama mmoja mwenye huruma na mdomo, aliweka kiti kwenye kona ya ngazi ili wagonjwa wapumzike, na kila wiki alimkumbusha bosi wake kwamba wakili wa miguu iliyovunjika kukaa ghorofani ni utani mbaya.

Wateja walimpenda kwa sababu hawakuhitaji kumweleza mambo mengi. Alijua mtu anaweza kulia zaidi kwa kukosa mbio moja kuliko kwa kukosa kazi. Alijua kwa nini mtu mzima na akili zake anaamka kabla ya jogoo kwenda kujitesa. Alijivunia kuwaelewa watu wake, na nisifiche, alijivunia kupita kiasi.

Ndipo akaja Fundi. Jina hilo alilipata kwa cherehani: alishona sare za shule na nguo za kazi katika chumba kimoja kilichotazama barabara, na asubuhi kabla ya kufungua duka alikimbia. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mwembamba kama sindano zake, na kwenye mbio ndefu aliogopwa kwa namna alivyomalizia. Katika mbio za mwezi wa pili, kwenye kilomita ya thelathini na moja, waandaaji walikuwa wameacha mtaro wazi pembeni mwa barabara bila hata utepe wa kuonya watu. Fundi akatumbukia. Akajitoa, akajipangusa vumbi, akakimbia kilomita kumi na moja zilizobaki na kushika nafasi ya kumi na nne. Hospitali walipompiga picha, kichwa cha mfupa wa nyonga kilikuwa kimepasuka.

Daktari wa upasuaji hakuzungusha maneno. Damu haifiki vizuri kwenye mfupa ule. Fundi akipasuliwa kabla ya miezi sita kutimia, atatembea vizuri. Akichelewa, mfupa utakufa, na magongo atayatumia maisha yake yote. Upasuaji wenyewe haukuwa wa mfuko wa fundi cherehani. Waandaaji walikuwa na bima, lakini bima ile ilishughulikia majeraha makubwa tu, kwa hiyo kesi nzima ilikuwa kuthibitisha kwamba jeraha la Fundi ni kubwa.

Siku ya kwanza Fundi alipanda ngazi zote bila kukaa kwenye kiti cha karani. Alifika juu uso umelowa jasho, akasalimia, akaketi taratibu.

"Pole, Fundi. Inauma sana?"

"Kidogo tu, dada wakili."

Kilomita akaandika: maumivu kidogo. Hakushtuka hata kidogo. Alimpenda papo hapo, akamwona ni mtu wa kwao. Barua ya madai aliyowapelekea watu wa bima ilikuwa ya kurasa sita, imepangika vizuri, na kwenye ukurasa wa pili ilisema kwamba mteja ana "maumivu kidogo lakini ya kudumu". Hakuna wakili mwingine mjini ambaye angefanya kosa hilo. Mwingine yeyote angetia chumvi mpaka imwagike.

Watu wa bima nao wakamwita Fundi kwa daktari wao. Daktari akauliza, Fundi akajibu, daktari akaandika. Majibu yalikuja mwezi wa tano tangu ajali: madai yamekataliwa. Mtu aliyepasuka nyonga hawezi kukimbia kilomita kumi na moja. Mteja mwenyewe amekiri mbele ya daktari kwamba inauma kidogo. Na wakili wake, kwa maandishi yake mwenyewe, anasema hivyo hivyo. Shauri lingesikilizwa na msuluhishi baada ya siku tisa, na miezi sita ingetimia wiki tatu baada ya hapo.

Kilomita aliisoma barua ile mara tatu huku masikio yakipata moto. Alikuwa amemchongea mteja wake kwa mkono wake.

Jumamosi asubuhi alirudi kutoka mazoezini akikanyagia ubavu wa mguu. Mumewe alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Umefanya nini?"

"Nimejikwaa. Kidogo tu."

Mume akaweka kisu chini. "Hebu vua kiatu."

Akavua. Kidole gumba kilikuwa kimevimba kama kitunguu, tena cheusi.

"Hicho ndicho kidogo?"

"Kidogo, baba watoto. Usianze."

"Mama, sikiliza. Uchungu wa huyu wa pili ulipoanza nilikuuliza, ukasema kidogo, ngoja nimalize kupiga pasi. Mtoto akazaliwa kwenye maegesho ya hospitali, mlinzi katushikia mwavuli. Mimi ni mwalimu wa hesabu, naomba unieleweshe: kidogo yako wewe inaishia ngapi?"

Watoto walicheka. Kilomita naye alianza kucheka, kisha kicheko kikamkatika. Alikaa pale jikoni na kiatu kimoja mguuni, akijiona mjinga, tena mjinga wa kujivuna. Alimuuliza Fundi swali, Fundi akampa jibu ambalo yeye mwenyewe angelitoa, na kwa sababu hiyo tu akaliamini.

Jumatatu alikwenda dukani kwa Fundi bila kupiga simu. Alikaa kwenye benchi la wateja akatazama, jambo ambalo lilipaswa kufanyika miezi minne nyuma. Kanyagio la cherehani lilikuwa limefungwa kamba. Fundi alizungusha gurudumu kwa mkono mmoja na kuongoza kitambaa kwa mkono mwingine, na kazi ya nusu saa ikamla asubuhi yote. Vitambaa vya rafu ya juu alivivuta kwa fimbo. Kila alipotaka kubadilisha uzi aliegemea ukuta kwanza, akafumba macho, akayafumbua, ndipo akaendelea.

"Kanyagio umeliacha?"

"Nalipumzisha."

"Inauma, Fundi?"

"Kidogo tu, dada."

"Usinijibu mimi kama unavyomjibu kocha."

Fundi akatabasamu bila raha. "Dada wakili, miaka kumi na miwili naulizwa hivyo. Nikisema sana, jina linakatwa kwenye orodha, anaingia mwingine. Nimejikaza kisabuni mpaka ulimi umezoea. Hata mke wangu akiuliza, linatoka hilo hilo."

Kwenye msumari ukutani lilining'inia daftari la mazoezi, lile ambalo kila mkimbiaji huandika umbali na muda wake wa kila siku. Kilomita alikuwa na la kwake. Akalishusha, akitarajia kukuta kurasa zimeishia siku ya ajali. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa jana. Fundi hakuwa ameacha kujipima hata siku moja. Kitandani hadi bafuni, hatua kumi na nne, dakika nne na nusu. Nyumbani hadi dukani, mita mia moja, dakika arobaini na moja, nimesimama mara tisa. Watu wote aliwaficha, ila daftari lake hakulificha kitu, kwa sababu mkimbiaji anayejidanganya kwenye daftari ameshaacha kukimbia.

"Hili linakwenda kwa msuluhishi," Kilomita akasema.

"Haliendi." Fundi akanyoosha mkono arudishiwe. "Wenzangu watakuwepo. Wasikie natumia dakika nne kwenda kuoga? Mimi? Bora magongo."

"Magongo ndiyo unayoyaendea, Fundi. Mwezi haujaisha, utakuwa nayo, na hakuna daktari atakayekuondolea."

Walibishana mpaka mteja wa suruali akaja, akasubiri, akaondoka bila suruali. Kilomita hakumlazimisha. Alilirudisha daftari kwenye msumari wake na kukaa tena kwenye benchi. Fundi akazungusha gurudumu mara mbili tatu, akaliacha.

"Basi nitasoma mwenyewe. Wewe usiliguse. Wewe utasoma kwa sauti ya kuwaomba huruma."

Kilomita alipofika mlangoni, Fundi akamwita tena. "Na nikishapasuliwa, barabarani narudi lini?"

Kwenye mkoba wa Kilomita kulikuwa na barua ya daktari wa upasuaji iliyofika Ijumaa. Ilisema mgonjwa atatembea, lakini mbio ndefu asizifikirie tena.

"Tutaona, Fundi," akajibu, akavuka barabara haraka. Alijua amerudia kosa lile lile, ila safari hii aliyeficha ukweli ni yeye.

Siku ya shauri, chumba kilikuwa kidogo, meza ndefu, feni inazunguka inapunga karatasi. Msuluhishi alikuwa jaji mstaafu, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Wakimbiaji watano walikuja kumuunga mkono Fundi, wamekaa nyuma wamebanana. Wakili wa bima, kijana nadhifu asiye na papara, alisoma ukurasa wa pili wa barua ya Kilomita polepole, kama mtu anayekula kitu kitamu na hataki kiishe.

"Mheshimiwa, maneno haya si yangu. Ni ya wakili msomi mwenzangu."

Kilomita akasimama. "Ni yangu, Mheshimiwa. Nilikosea. Naomba mteja wangu asome daftari lake."

Fundi alisimama kwa kushika meza. Alisoma tarehe, umbali na muda, sauti kavu kama anayetangaza matokeo. Aliposoma dakika za bafuni, mmoja wa wakimbiaji akaguna kicheko. Aliposoma za dukani, hakuna aliyeguna. Walikuwa wanapiga hesabu, na kila mmoja wao alijua mita mia moja ni kitu gani.

"Tarehe saba. Mtoto ameomba nimbebe. Nimejaribu mara mbili. Sikumbeba." Akageuza ukurasa upesi.

"Pingamizi," akasema wakili wa bima. "Daftari mtu anaweza kujiandikia jana nzima akiwa amekaa."

"Asome tarehe kumi na tisa," akasema Kilomita.

Fundi akatafuta. "Kwa daktari wa bima. Kiti cha kusubiri hadi mlangoni kwake, mita arobaini. Dakika kumi na nane. Nimesimama mara sita."

Kilomita akamwomba msuluhishi afungue fomu ya daktari wa bima, ukurasa wa kwanza, juu kabisa, mahali ambapo hakuna aliyepatazama kwa sababu kila mtu alikimbilia lile neno kidogo. Mgonjwa ameitwa: saa tatu na dakika kumi. Mgonjwa ameingia: saa tatu na dakika ishirini na nane. Mwandiko ulikuwa wa mhudumu wa watu wa bima wenyewe.

Msuluhishi alizitazama zile saa kwa muda. Akavua miwani, ikaning'inia kifuani, akamgeukia Fundi.

"Kijana, kwa nini hukumwambia daktari ukweli?"

"Mheshimiwa, aliniuliza kama naweza kuvumilia," Fundi akasema. "Naweza."

Uamuzi ulitoka kabla ya adhuhuri. Jeraha ni kubwa, na bima igharamie upasuaji ndani ya siku saba. Wakimbiaji walimpigia Fundi makofi mpaka wakaambiwa watoke. Karani, aliyekuja bila kualikwa, alimkumbatia kila aliyepita mbele yake, na nusura amkumbatie wakili wa bima. Kilomita alimpigia simu daktari wa upasuaji pale pale, akapewa siku: Alhamisi.

Korido ilipotulia walibaki wawili kwenye benchi, wakisubiri shemeji ya Fundi alete gari.

"Alhamisi," Fundi akasema. "Dada wakili, Mungu akuzidishie. Ila lile swali langu la dukani hukunijibu."

Lile neno tutaona lilimjia mdomoni, tayari tayari. Akalimeza.

"Hutakimbia tena mbio ndefu, Fundi. Daktari ameandika. Utatembea, utakanyaga cherehani yako, utambeba mwanao. Kukimbia hapana. Nilijua tangu siku ile, nikaogopa kukwambia."

Fundi aliinama, akapapasa kamba za viatu vyake vya mbio, ambavyo alikuwa amevivaa na suruali ya kitambaa kwa sababu hakuwa na vingine vya kutokea. Mfagizi akapita na ndoo yake, akawasalimia, akaitikiwa na mmoja.

"Inauma," Fundi akasema mwishowe, na mabega yakaanza kumtetemeka. "Hii inauma sana, dada."

Kilomita akasogea, akamshika mkono, na hakumwambia ajikaze.