Blanketi Nililompelekea Elia

Nilisafiri kwenda Dar es Salaam kwa sababu mdogo wangu Elia alianguka Kariakoo akiwa na belo la mitumba begani. Mpagazi mwenzake, Shabani, alinipigia simu. "Dada, amezinduka, ila njoo. Hasikii la mtu." Mimi ni mkubwa wa watoto wanne. Baba na Mama hawapo. Niliacha shule darasa la sita ili wadogo wasome, kwa hiyo mmoja akianguka, anayepanda basi ni mimi.

Alfajiri nilitoka kijijini kwetu Kilimanjaro nimevaa sweta na kubeba blanketi la mgonjwa. Nilipita nyumba ya Mzee Anaeli bila kusalimia. Hatukuwa tumemsalimia tangu Baba afe. Baba aliondoka nyumbani mzima kwenda kuvuna mahindi kwenye shamba letu la huko chini tambarare, kipindi cha jua kali. Mchana wenzake wa shambani wakamrudisha mwili unawaka, anamwita ng'ombe tuliyekwisha kumuuza. Nikamfunika mablanketi mawili, nikafunga mlango. Jioni akafa. Wiki hiyo alikuwa amegombana na Mzee Anaeli juu ya mpaka, watu wakasema amelogwa, nasi tukaamini.

Korogwe nilivua sweta. Kufika Chalinze hata upepo wa dirishani ulikuwa wa moto. Jioni, nikiwa hoi, nilifika Magomeni kwenye chumba alichopanga Elia. Mwenye nyumba, Bi Zuhura, alikuwa barazani.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Na blanketi hilo? Wachaga nyie, mnakuja Bongo kama mnakwenda kulala mlimani!"

Elia, aliyekaa mkekani kando yake, alicheka. Alikuwa amekonda shingo. Nikamwambia apumzike wiki moja. Akasema mzigo haumsubiri mtu.

Asubuhi yake, kwa kuwa sikuweza kumzuia, nilimfuata Kariakoo. Maghorofa yamebanana, upepo haupiti. Stoo wanamotolea mabelo imeezekwa bati na haina dirisha. Nilikaa mlangoni na chupa ya maji. Elia alikunywa funda moja akanirudishia.

"Kunywa, Elia."

"Nikinywa sana nitakwenda chooni, zamu yangu ipite."

Saa saba mchana mpagazi mmoja akapiga kelele, "Mwoneni Mchaga wenu, jasho limekauka! Leo amekuwa mwenyeji!" Wakacheka, nami nikafurahi. Nilidhani kweli ameuzoea mji. Kisha Elia akatua belo, akanitazama kama hanijui vizuri.

"Dada, yule ng'ombe umemfunga?"

Hatuna ng'ombe. Nikamgusa paji la uso, nikauondoa mkono haraka.

Mimi na Shabani tulimrudisha Magomeni kwa bajaji. Shabani akaenda kutafuta dawa, nami nikafanya nilichofundishwa: homa hutolewa kwa jasho. Nikafunga dirisha, nikamfunika Elia blanketi mpaka kidevuni. Nilimkumbuka Baba, nikazidi kukaza pembe za blanketi.

Bi Zuhura akasukuma mlango.

"Unafanya nini wewe? Unamwoka mwenzio?"

Alilivuta blanketi akalitupa ukumbini. "Mvue shati! Fungua dirisha! Lete ndoo!" Akammwagia maji kichwani na kifuani, akalowesha khanga akamfunika nayo, akawa anampepea kwa sinia. "Mwaka jana tumemzika jirani yangu hivihivi," alisema huku akihema. "Mtu mzima kajifungia chumbani, bati juu, umeme hakuna. Mpepee, mwanangu, usinitazame!"

Shabani akarudi na bajaji ileile, ikatupeleka hospitali. Jioni nesi akatuambia kwamba joto la mwili lilikuwa limempanda Elia kupita kiasi, na kwamba si malaria.

"Nani aliyemmwagia maji?"

"Mimi," alisema Bi Zuhura.

"Umemwokoa. Angeendelea kufunikwa, sijui kama tungeongea naye."

Nikamuuliza nesi kama jambo hili humpata hata mtu wa kijijini, akiwa shambani kwake.

"Popote penye jua na kazi, dada. Kwani kuna mtu limempata?"

Nilirudi kwenye kitanda cha Elia nikaendelea kumpepea.

Siku ya tatu Elia alikula ugali akaumaliza. Tulikubaliana abebe mizigo asubuhi na alasiri tu, na mchana akae kivulini anywe maji, zamu ipite isipite. Shabani aliapa kwamba akibisha atamkalia kifuani. Sikuwaamini sana, lakini nyumbani kulikuwa na wengine wawili wanaonisubiri.

"Na ondoka na mnyama wako," Bi Zuhura aliniambia, akanitupia blanketi.

Ndani ya basi sikulala. Nilijua sasa kwamba Baba aliuawa na jua, nami nikalisaidia kwa mikono yangu, nikiwa mtoto nisiyejua. Nilijua pia kwamba msimu ujao wadogo zangu watashuka tambarare alfajiri na kupanda kurudi kabla ya saa tano, hata mahindi yabaki shambani. Hayo yalikuwa mepesi. Lililobaki lilikuwa kwenye njia ya kwenda kwetu.

Mzee Anaeli alikuwa uani kwake anachambua maharage. Nilisimama.

"Shikamoo, Mzee."

Mikono yake ilisita ndani ya ungo. Alinitazama, akalitazama blanketi.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Nani amefariki?"

"Hakuna, Mzee. Elia ni mzima."

Nikaomba kiti, maana miguu ilikuwa imechoka, na niliyokuja kumwambia yalikuwa marefu.